Maarifa Yanayovuka Mipaka ya Masomo: Saa, Sifuri na Ngeli katika Mtaala wa Shule za Msingi Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafafanua mambo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania hujifunza katikati ya masomo, si ndani ya somo moja. Badala ya kuorodhesha maudhui ya kila somo, makala inachukua dhana chache, yaani saa, mahali pa kuanzia kuhesabu, uainishaji na skeli, na kuzifuatilia zinavyojitokeza katika Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Historia. Hoja inayojengwa ni kwamba dhana hizi hazina somo linalozimiliki, na kwa sababu hiyo kazi ya kuziunganisha huachiwa mtoto. Suala hili lina uzito wa pekee katika kipindi hiki ambapo elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka 7 hadi 6.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu mtaala wa elimu ya msingi nchini Tanzania kwa kawaida huendeshwa kwa lugha ya masomo. Huulizwa masomo yawe mangapi, lipi liongezwe, lipi liunganishwe na lipi, na kila moja lipewe vipindi vingapi kwa juma. Maswali haya ni ya lazima kwa mpangaji wa ratiba. Hata hivyo, yanaficha swali jingine ambalo makala hii inaliona kuwa la msingi zaidi: mtoto anapotoka katika kipindi cha Hisabati na kuingia katika kipindi cha Jiografia, anabeba nini?

Swali hili si geni katika taaluma ya mitaala. John Dewey alilishughulikia mwaka 1902 alipoeleza kwamba ulimwengu wa mtoto ni mmoja, ilhali masomo ya shule huugawa vipande. Jerome Bruner, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alipendekeza mtaala unaopanda kwa kuzunguka, ambapo wazo lilelile hurudiwa katika ngazi mbalimbali kwa kina kinachoongezeka. Basil Bernstein, mwaka 1971, alitofautisha mtaala ambao masomo yake yametenganishwa kwa mipaka thabiti na ule ambao masomo yake yamefungamanishwa chini ya wazo moja kuu. Nchini Uingereza, ripoti ya kamati ya Bullock ya mwaka 1975 ilisisitiza kuwa kukuza lugha ya mwanafunzi ni jukumu la walimu wa masomo yote, si la mwalimu wa lugha peke yake. Nchini kwetu, Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967 ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Wazo hilo mara nyingi linakumbukwa kwa jembe tu, ingawa katika maandishi yake lilihusu pia kupanga, kukadiria, kutunza hesabu na kufanya uamuzi.

Makala hii haikusudii kuzihakiki nadharia hizo. Inazitumia kama taa tu, kisha inaelekea moja kwa moja kwenye maudhui. Kwa maoni ya mwandishi, upungufu mkubwa wa maandishi mengi kuhusu ufungamanishaji wa masomo ni kwamba yanauzungumzia ufungamanishaji bila kuonesha hata dhana moja ikisafiri kutoka somo hadi somo.

2.0 Mipaka inayohama

Kabla ya kuzifuatilia dhana zenyewe, inafaa kukumbusha kwamba mipaka ya masomo si ya asili. Katika mtaala wa mwaka 2005, Historia, Jiografia na Uraia yalifundishwa kama masomo matatu, ingawa katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yaliendelea kukutana katika karatasi moja ya Maarifa ya Jamii. Maboresho yaliyoanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, yakiweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yalifuatiwa na mtaala wa madarasa ya juu ambamo Historia na Jiografia yaliunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii, na Uraia ukawa Uraia na Maadili. Mtaala wa mwaka 2023 umeyatenganisha tena kwa namna nyingine: kuna Historia ya Tanzania na Maadili kwa upande mmoja, na Jiografia na Mazingira kwa upande mwingine. Maadili, yaliyokuwa yameambatanishwa na uraia, sasa yameambatanishwa na historia.

Mabadiliko haya yana sababu zake za kisera ambazo hazijadiliwi hapa. Kinachotuhusu ni kwamba mwalimu aliyeanza kazi mwaka 2004 ameshuhudia ramani ya darasa ikihama kutoka somo moja kwenda jingine zaidi ya mara moja, huku ramani yenyewe ikibaki ileile. Utekelezaji wa mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Kwa hesabu hiyo, wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watahitimu darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la nne watahitimu darasa la saba. Mwaka mmoja unapoondolewa, mambo yaliyokuwa yakijifunzwa kwa kurudiarudia bila kupangwa hupoteza nafasi ya kurudiwa.

3.0 Saa

Dhana ya kwanza ni saa. Mtoto wa Kitanzania huanza shule akiijua saa kwa Kiswahili: saa 1 asubuhi jua limechomoza, saa 6 mchana liko utosini, saa 12 jioni linazama. Katika Hisabati hufundishwa kusoma saa ya mishale, kisha mtindo wa saa 24. Katika Kiingereza hufundishwa kuuliza na kujibu kuhusu wakati. Katika Jiografia, mada ya longitudo imekuwa ikiambatana na ukokotoaji wa saa za mahali mbalimbali. Katika Sayansi hujifunza kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake. Kwa hiyo wakati mmoja, mathalani saa 2 usiku, una majina matatu: saa 2 kwa Kiswahili, saa 20:00 kwa mtindo wa saa 24, na saa nane kwa hesabu ya Kiingereza.

Mtu yeyote aliyefundisha darasa la nne anajua kinachotokea. Mwanafunzi hutazama saa ya ukutani ambayo mshale wake mfupi uko kwenye 8, akasema kwa usahihi kabisa kuwa ni saa 2, kisha katika kipindi cha Kiingereza akaandika neno la mbili. Mwalimu wa Kiingereza humsahihisha kwa kanuni fupi: ongeza sita. Mwalimu wa Hisabati naye humpa kanuni nyingine: kwa saa za asubuhi ongeza 6, kwa saa za usiku ongeza 18. Kanuni zote mbili ni sahihi zinapofanya kazi, na zote zina mahali zinapokwama. Ukiongeza sita kwenye saa 9 alasiri unapata 15, jibu ambalo kwa mtindo wa saa 24 ni sahihi na kwa mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza si sahihi. Ukiongeza 18 kwenye saa 7 usiku unapata 25, saa ambayo haipo.

Kanuni hizo haziwezi kueleza kwa nini tofauti ni sita. Maelezo yako katika Jiografia, na kwa kawaida hayafiki kwenye kipindi cha Hisabati. Hesabu ya saa ya Kiswahili huanzia mapambazuko na machweo; mtindo wa saa 24 huanzia usiku wa manane. Kati ya usiku wa manane na mapambazuko, kwa nchi iliyo karibu na Ikweta, kuna takriban saa sita mwaka mzima. Jijini Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. Jijini London tofauti hiyo ni zaidi ya saa nane. Hesabu inayoanzia mapambazuko inatutosha sisi; mwenyeji wa London ingempa taabu, kwa kuwa saa 1 yake ingehama kila mwezi. Hapa mwanafunzi anaweza kuona kwamba saa ya Kiswahili ni mfumo kamili unaolingana na mahali ulipozaliwa, wala si namna mbovu ya kusema saa za wengine. Hili si jambo dogo kwa mtoto ambaye miaka michache baadaye atafundishwa kwa Kiingereza katika sekondari.

Tuchukue sasa swali la aina iliyozoeleka: ikiwa Greenwich ni saa 11 jioni, ni saa ngapi kwenye longitudo 45° Mashariki? Dunia huzunguka 15° kwa saa moja, kwa hiyo tofauti ni saa 3. Mwanafunzi hujumlisha 11 na 3, akapata 14, akaandika saa 14 jioni. Ugawanyaji wake ni sahihi, na kujumlisha kwake pia. Alichokosa ni kujua kwamba hesabu ya saa huisha kwenye 12 na kuanza upya. Jambo hilo alilifundishwa katika Hisabati, na sasa anaulizwa katika karatasi nyingine.

Mfano mwingine uko ndani ya nchi. Kigoma iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa takriban digrii 9.7 za longitudo. Kwa kuwa kila digrii ni sawa na dakika 4, jua huchelewa kufika Kigoma kwa karibu dakika 39, ingawa saa za ukutani katika miji yote miwili husoma sawa. Zoezi hili lina kuzidisha desimali, mzunguko wa dunia, usomaji wa ramani na hata kidogo cha uraia, kwani nchi imeamua kutumia saa moja rasmi.

3.1 Sifuri ya kuchagua

Chini ya dhana ya saa kuna dhana nyingine pana zaidi, nayo ndiyo inayostahili kuitwa maarifa yanayovuka mipaka. Ni kule kutambua kwamba kila hesabu ina mahali pa kuanzia, na kwamba mahali hapo wakati mwingine pamechaguliwa na watu. Longitudo huanzia Greenwich kwa makubaliano. Vizio vya Selsiasi huanzia kwenye kiwango cha maji kuganda. Kimo cha mlima hupimwa kuanzia usawa wa bahari. Miaka ya Historia huhesabiwa kabla na baada ya Kristo, na kalenda ya Hijiria, ambayo watoto wengi wa Pwani na Zanzibar wanaijua kutoka madrasa, huanzia tukio la mwaka 622 BK. Mstari wa namba katika Hisabati una sifuri katikati, na namba hasi upande wa kushoto.

Mifano hii hufundishwa yote. Haifundishwi kama kitu kimoja, na matokeo yake yanaonekana katika makosa yanayofanana ambayo kila mwalimu huyaona peke yake. Mwanafunzi anayeulizwa miaka iliyopita kati ya mwaka 20 KK na mwaka 20 BK hujumlisha na kupata 40. Jibu ni 39, kwa sababu katika hesabu hiyo hakuna mwaka sifuri. (Vitabu vya ziada huupita ukweli huu kimyakimya, na pengine ni afadhali kuliko kuufundisha vibaya.) Mwanafunzi mwingine huandika kuwa Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907, vilitokea katika karne ya 19, kwa kuwa ameona tarakimu 19 mwanzoni. Hajaelezwa kuwa karne ya kwanza ilianzia mwaka 1, hivyo jina la karne hutangulia tarakimu zake. Watatu, katika Sayansi, husema kuwa maji ya 40°C yana joto mara mbili ya maji ya 20°C, kama ambavyo kamba ya sentimita 40 ni mara mbili ya kamba ya sentimita 20. Sifuri ya rula ni kutokuwapo kwa urefu. Sifuri ya kipimajoto si kutokuwapo kwa joto.

Ziwa Tanganyika linatoa mfano ambao mwandishi anauona kuwa bora kuliko yote. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 1,470. Ukitoa 1,470 katika 770 unapata hasi 700, yaani sakafu ya ziwa iko chini ya usawa wa bahari kwa karibu mita 700. Mwanafunzi anayeujua mstari wa namba kama mchoro wa daftari tu hapati picha hii. Anayeijua Jiografia bila namba hasi hudhani kuwa ziwa lililo juu nyandani haliwezi kuwa na sakafu iliyo chini ya bahari.

4.0 Kiboko na kiboko

Dhana ya pili kuu ni uainishaji. Katika Sayansi, mwanafunzi huainisha vitu kuwa vyenye uhai na visivyo na uhai, kisha wanyama na mimea, kisha wenye uti wa mgongo na wasio nao. Katika Kiswahili hujifunza upatanisho wa kisarufi na ngeli za nomino. Masomo haya mawili yanafanya kazi ya aina moja: kuweka vitu katika makundi kwa kutumia kigezo. Tofauti iko kwenye kigezo, na hapo ndipo penye utajiri.

Chukua neno kiboko. Tunasema kiboko amezama, lakini kiboko kimevunjika. Mnyama wa mtoni na fimbo ya ngozi wana umbo moja la neno, lakini upatanisho wao ni tofauti, kwa sababu ngeli ya A-WA huwapokea watu na wanyama bila kujali kiambishi cha mwanzo. Ndiyo maana kipepeo, kifaranga na kijana huchukua upatanisho wa A-WA japokuwa vinaanza na ki-. Mwanafunzi mwerevu anaweza kuhitimisha kwamba A-WA ni ngeli ya vyenye uhai. Kisha atakutana na mti: mti umeanguka, miti imeanguka. Katika Sayansi mti ni kiumbe hai bila shaka yoyote, kwa kuwa hukua, hupumua na huzaliana; katika sarufi umo U-I pamoja na mkate na mwaka. Sarufi ya Kiswahili haiangalii uhai kama Sayansi inavyouangalia.

Mkanganyiko huu unafika hadi kwenye istilahi yenyewe. Nomino viumbe hai huandikwa kwa upatanisho wa aina mbili: wengine huandika viumbe hai vinahitaji maji, wengine viumbe hai wanahitaji maji. Mwandishi wa kwanza anafuata umbo la neno, wa pili anafuata maana, na wa pili anapata tatizo akikumbuka kwamba mimea imo. Katika baadhi ya maandishi ya biolojia ya Kiswahili, neno ngeli lenyewe hutumika kutaja daraja mojawapo la makundi ya viumbe, kama vile ngeli ya mamalia. Neno moja, makundi ya aina mbili, masomo mawili.

Je, hili ni tatizo au ni neema? Makala hii inaona kuwa ni neema ambayo haijatumiwa. Mtoto anayezungumza Kiswahili ana mfumo kamili wa uainishaji kinywani mwake kabla hajaingia darasani. Akioneshwa kwamba kitu kilekile huweza kuwekwa katika makundi tofauti kulingana na kigezo kilichochaguliwa, ataelewa kwa urahisi kwa nini popo anayeruka ni mamalia na kwa nini uyoga, ulioota ardhini kama mmea, hauhesabiwi kuwa mmea. Bila hivyo, atakariri kwamba popo ni mamalia kama anavyokariri jina la mji mkuu.

Yapo maneno mengine ya namna hii. Mzizi ni sehemu ya mmea katika Sayansi na sehemu ya neno katika Kiswahili. Sehemu ni mahali, kipande, na pia namba kama nusu au robo. Kazi na nguvu katika Sayansi si kazi na nguvu za nyumbani: mama aliyesimama na ndoo ya maji kichwani, kwa maana ya Sayansi, hafanyi kazi mpaka atakapoisogeza ndoo kwa nguvu anayoitumia. Watoto huona jambo hilo kuwa ni kichekesho, nao wana haki.

5.0 Skeli

Skeli inaweza kuelezwa kwa ufupi. Katika ramani yenye skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni sawa na kilometa 1. Kanuni hiyo ni uwiano uleule wa Hisabati. Penye mtego ni eneo: sentimita moja ya mraba katika ramani hiyo ni robo ya kilometa ya mraba, si nusu, kwa kuwa pande zote mbili zimepunguzwa. Sayansi nayo hutumia skeli kwa upande wa pili, pale panzi anapochorwa mkubwa kuliko alivyo. Ramani hupunguza na mchoro wa panzi hukuza, na ni nadra vitabu viwili kuwekwa mbele ya mtoto kwa wakati mmoja ili alione hilo.

6.0 Azimio la kazi na mtihani

Kwa nini basi dhana hizi hubaki bila mwenyewe? Sababu ya kwanza ni ya kiutendaji. Kuanzia darasa la tatu, shule nyingi hufundisha kwa mwalimu wa somo. Kila mwalimu huandaa azimio la kazi kutokana na muhtasari wa somo lake, na andalio la somo hutokana na azimio hilo. Mwalimu wa Hisabati anaweza kupanga uwiano mwezi Agosti, wakati mwalimu wa Jiografia amekwishafundisha skeli mwezi Machi. Hakuna aliyekosea. Kipindi ni cha dakika 40, na darasa linaweza kuwa na wanafunzi wengi mno kiasi kwamba kumdai mwalimu abuni ufungamanishaji kwa juhudi zake binafsi ni kumwongezea mzigo tu.

Sababu ya pili ni upimaji. Tangu mwaka 2021 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa na masomo sita, kila moja likiwa na alama 50, jumla alama 300. Karatasi sita zenye uzito sawa huleta haki kati ya masomo, lakini hazina mahali pa kupima kinachovuka. Swali la sakafu ya Ziwa Tanganyika likiwekwa katika Hisabati, mtunzi wa swali atalazimika kutoa maelezo yote ya kijiografia ili asimwonee mtahiniwa. Likiwekwa katika karatasi ya Jiografia, hesabu yake itapunguzwa mpaka ibaki kutambua jina la ziwa lenye kina kirefu.

Kuna hatua inayowezekana ndani ya mtaala uliopo, bila somo jipya na bila kitabu kipya. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya maazimio ya kazi kusainiwa, walimu wa darasa moja wanaweza kuyaweka mezani pamoja na kutafuta dhana tatu au nne tu zinazotokea mara mbili. Kwa kila dhana wakubaliane mambo mawili: nani atangulie, na neno gani la Kiswahili litumike na wote. Kama uwiano utangulie skeli, mada moja isogezwe mbele kwa wiki chache. Kama mwalimu mmoja anasema skeli na mwingine anasema kipimio, mmoja aache. Kwa saa, mwalimu wa Kiingereza na wa Hisabati watumie saa moja ya ukutani na mchoro mmoja wenye duara mbili, la ndani likianza mapambazuko na la nje likianza usiku wa manane.

Kazi hiyo inahitaji alasiri moja. Kwa darasa litakalohitimu mwaka 2027 katika mwaka wake wa sita, maazimio ya kazi yanayoweza kulinganishwa kwa namna hiyo ni machache, na baadhi yameshakwisha kutekelezwa.